Haibridi, umeme au haidrojeni: gari lilivyotugawa nyumbani

Pembetatu nyekundu iliwaka kwenye dashibodi tukiwa kwenye foleni ya Barabara ya Mandela, karibu na Tazara, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Binti yetu wa miaka mitano alikuwa amelala kiti cha nyuma kama kawaida yake. Kaka yake, aliye kidato cha tatu, alikuwa na mtihani saa mbili. Gari likakosa nguvu. Nikalisukumia pembeni huku daladala zikinipigia honi, nikampandisha kijana bodaboda, halafu nikampigia simu baba yao.

Sikumsalimia hata. Nilimwambia, "Njoo uchukue gari lako."

Hilo "lako" nilikuwa nimelisubiri miaka miwili. Wakati tunanunua, mimi nilitaka gari la petroli la kawaida, lile ambalo fundi yeyote chini ya mti analijua. Mwenzangu akashikilia haibridi, kagari kadogo kutoka Japani chenye injini ya petroli na mota ya umeme. Nilimwambia gari lenye mashine mbili lina njia mbili za kukuharibikia. Ukweli ni kwamba kalitufaa sana. Kwenye foleni injini inajizima, unasogea kwa umeme wa betri, na ukikanyaga breki betri inajichaji yenyewe. Tulikuwa tunapata kilomita 18 mpaka 20 kwa lita mjini, na hakuna mahali pa kuchomeka waya wowote. Lakini siku hiyo pale Tazara sikutaka kukumbuka hayo.

Fundi wa kwanza alichomeka kompyuta yake, akatazama dakika tano, akasema betri kubwa imekufa. Betri nyingine, milioni mbili na nusu. Mzazi mwenzangu, pesa pekee iliyokuwa ndani ilikuwa ada ya muhula wa pili ya kijana, na mkopo wangu wa SACCOS ulikuwa haujaisha.

Basi Jumapili, mezani, ukaanza mjadala wa tununue nini tukishaliuza hilo bovu. Babu yao alikuwepo, amekuja mjini kutibiwa macho.

Baba watoto alikuwa ameshafika mbali. Alitoa simu akatuonyesha tangazo la Nissan Leaf iliyotumika, gari la umeme mtupu. Halina oili ya injini, halina plagi, halina moshi. "Na Bwawa la Nyerere lina megawati 2,115," alisema, "umeme sasa upo." Alikuwa amepiga hesabu: betri ya Leaf za mwanzo ni ya uniti 24, na kwa bei ya kawaida ya shilingi 350 na ushee kwa uniti, kuijaza haifiki hata lita tatu na nusu za petroli.

Hesabu ilikuwa nzuri. Nikamuuliza, "Utaichomeka wapi?"

Sisi ni wapangaji. Nyumba ina familia tatu na mita ya LUKU ni moja, tunachanga. Mwaka jana tu tulikaa kikao kizima kwa sababu ya pasi ya jirani, na friji langu linatajwa mpaka leo. Uniti 24 mara tatu ni 72. Maana yake gari likijazwa mara tatu linamaliza karibu zile uniti 75 ambazo mtumiaji mdogo anapewa kwa bei nafuu mwezi mzima. Na kwa soketi ya ukutani kulijaza ni usiku kucha, saa kumi au zaidi. Halafu gari letu halilali uani. Linalala nje ya geti chini ya mwembe, kwa kuwa uani zinaingia gari mbili na sisi ndio wapangaji wa tatu. Waya ungepita dirishani kwa mama mwenye nyumba.

Kijana naye akaomba simu, akakuza picha ya dashibodi. Leaf za mwanzo zina vijistari 12 upande wa kulia vinavyoonyesha uzima wa betri. Hii ilikuwa na tisa. Akamwambia baba yake taratibu, kwa heshima, kwamba hapo zaidi ya robo ya betri imeshakwenda, na kwamba betri hiyo haipozwi kwa maji wala kwa feni, kwa hiyo joto la Dar litaendelea kuila. Baba yake aliirudisha simu mfukoni. Nilimhurumia kidogo, maana wazo lenyewe si baya. Mwenye nyumba yake, mita yake, na safari za mjini tu, angepata hata yenye vijistari kumi na moja, sina neno la kumpinga.

"Wewe ungenunua nini?" nikamuuliza kijana.

"Haidrojeni, mama."

Wamesoma kuitenganisha na maji kwa umeme kwenye kemia, na tangu hapo hatupumui. Akatueleza Toyota Mirai, gari lililotoka mwaka 2014: haidrojeni inakutana na oksijeni ndani ya gari, unazalishwa umeme, na kinachotoka nyuma ni maji. Linajazwa kama dakika tano, si usiku kucha. Macho yalimng'aa. Tangi lake linahifadhi gesi kwa mgandamizo wa baa 700, alisema, zaidi ya mara 300 ya upepo wa tairi letu.

Babu alikuwa kimya muda wote, anachambua samaki. Akauliza, "Mjukuu wangu, hiyo haidrojeni inauzwa sheli gani?"

Tulicheka mpaka binti akaamka. Lakini kijana hakukata tamaa, na mimi nilipenda alivyojibu. Alisema hakuna, babu, na hata duniani haidrojeni nyingi bado inatengenezwa kwa gesi asilia, na ukiitengeneza kwa umeme zaidi ya nusu ya ule umeme inapotea kabla haujafika kwenye gurudumu. "Ila kwa malori na meli inaweza kufaa." Babu akamwambia amalize shule kwanza, ataliendesha yeye hilo lori.

Mimi nilibaki na msimamo wangu: petroli, basi. Tukaenda kulala tumenuniana.

Jumatano baba watoto alipata fundi mwingine, kijana anayeshughulika na haibridi tu. Nilikwenda naye ili nishuhudie gari likithaminiwa. Huyu hakuanza na kompyuta. Alivaa glavu nene, akatuonyesha nyaya za rangi ya chungwa na kutuambia tusiruhusu mtoto wala fundi wa mtaani aziguse, umeme wake unaua. Akang'oa kiti cha nyuma. Betri iko chini ya kile kiti, na pembeni yake kuna tundu lenye wavu ambalo feni inavuta hewa ya ndani ya gari kuipoza betri.

Humo alitoa soksi moja ya shule, maganda ya karanga, nywele za mdoli, na vumbi limeshikamana kama kipande cha blanketi.

"Nani anaziba hapa?" aliuliza.

Kila asubuhi kwa miaka miwili nilikuwa nampangia binti mto na kanga yangu upande ule ili alale vizuri mpaka shuleni. Mto ulikuwa palepale kwenye wavu. Betri ilikuwa inapikwa na mimi.

Baba watoto alinitazama, akaangalia kwingine. Angeweza kusema mengi. Aliuliza tu kama inatengenezeka.

Ndani ya betri kuna vipande 20, na vitatu ndivyo vilikuwa vimekufa. Fundi alivibadilisha kwa laki nne na nusu, akatuonya kwamba vilivyobaki navyo vimezeeka, hawezi kutuahidi miaka. Ada haikuguswa. Nilipofika nyumbani nilimwomba mwenzangu radhi, kwa ajili ya betri na kwa ajili ya simu ile ya Tazara. Akasema, "Gari letu sasa?" Nikasema letu.

Siku hizi kila Jumamosi kijana anasafisha ule wavu kwa brashi ya viatu, na anadai malipo. Mto umehamia upande wa pili. Binti anasema upande huo una jua, na kila asubuhi tunabishana upya.