Sayari Saba Zilizogongana Usiku

Mwaka 2017 ulinikuta Ulaya, katika chumba cha kompyuta cha idara ya falaki, nikiwa na miaka 11 katika kazi ileile: kuandika programu za kuzungusha sayari. Februari, Michaël Gillon na wenzake wakatangaza sayari saba za TRAPPIST-1, nyota ndogo nyekundu ambayo nuru yake hutufikia kwa takriban miaka 40. Zimebanana mno. Ya ndani humaliza mwaka wake kwa siku moja na nusu, ya nje kwa siku 19 hivi.

Jioni moja nikaingiza vipimo vilivyochapishwa, nikaiacha kompyuta ikihesabu mizunguko ya baadaye. Asubuhi chai ilinipoa mkononi. Kwenye kioo mistari saba, mmoja kwa kila sayari, ilikwenda sambamba, kisha ghafla ikatatana kama mshipi wa mvuvi. Sayari zilikuwa zimegongana kabla ya kutimia miaka milioni moja, ilhali nyota yenyewe ina umri wa mabilioni.

Nilikagua programu mstari kwa mstari, majuma matatu, sikuona dosari. Kumbe kosa lilikuwa pale nilipoanzia, katika vipimo vyenyewe.

Sayari ya kwanza ikizunguka mara 8, ya pili huzunguka karibu mara 5. Ukienda nje, kila majirani wawili wana uwiano wao: 5 kwa 3, 3 kwa 2, tena 3 kwa 2, 4 kwa 3, 3 kwa 2. Hiyo ndiyo rezonansi. Hupishana kwa zamu, na mvutano wao huwarudisha kwenye zamu hizo wakianza kupotoka. Vipimo nilivyoingiza vilikuwa na kasoro ndogo tu, nazo zilitosha kuukata mnyororo huo wa zamu.

Daniel Tamayo na wenzake walionyesha njia mwaka uleule: zianzishe sayari mbali zaidi, ndani ya diski ya gesi iliyoizunguka nyota ikiwa changa, ziteremke polepole mpaka zishikane zenyewe. Nikafanya hivyo. Miaka milioni 50 ikapita kwenye kioo bila mstari kugusana na mwingine. Nilikaa nikiitazama mistari ile hadi mlinzi alipokuja kufunga mlango.

Mwaka 2023 Rafael Luque na wenzake walitangaza sayari sita za nyota HD 110067 zilizoshikana vivyo hivyo, na kwa uwiano wa aina hiyo walibashiri mizunguko ya zile za nje.

Programu ya REBOUND, inayofanya hesabu hizi, hutolewa bure, na kompyuta ya kawaida inaiweza. Kijana upendaye hesabu, anza na zile sayari saba.