Kabla ya Kununua Mashine ya Kuoshea Vipuri

Mpwa wangu,

Picha ya mashine unayoitaka mjomba wako ameipata, na bei ameiona. Bei haimtishi. Kinachompa wasiwasi ni hayo maji machafu ya oili: yakitoka kwenye gereji ya nyumbani kwako, yataenda wapi?

Mafundi wa Gerezani, huku Dar, huosha kabureta kwa karai, brashi na petroli, nje, upepo ukipita. Hata hivyo ni hatari. Petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, tena mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni hadi ukutane na cheche. Wewe huko Edmonton, Uingereza, majira ya baridi utafunga mlango na kuwasha hita. Sheria ya Uingereza inamruhusu mtu kuweka nyumbani hadi lita 30 za petroli, lakini asikudanganye mtu kwamba ndiyo ruhusa ya kuoshea vipuri. Petroli usiitumie kabisa.

Mashine nyingi za bei nafuu zimetengenezwa kwa ajili ya sabuni ya maji, na pampu zake ni za umeme, kwa hiyo soma kijitabu kabla ya kumimina kitu kingine. Angalia pia mkono unaoshikilia mfuniko. Mashine nzuri ina kipande kidogo cha metali kinachoyeyuka moto ukiwaka, mfuniko ukaanguka na kuuzima. Sabuni yenye kostiki soda iache: inakula aluminiamu, na kabureta itatoka humo nyeusi.

Sasa hayo maji machafu. Mifereji ya mvua ya mitaa mingi ya hapo humwaga Salmons Brook na Pymmes Brook, vijito vinavyoishia mto Lea. Shirika la Thames21 limehangaika kuchimba mabwawa ya matete ili kuisafisha Salmons Brook; usimwage humo hata kikombe kimoja. Oili ya injini ya gari lako utaipeleka kituo cha halmashauri cha Barrowell Green, ila usiichanganye na sabuni wala petroli. Na ukianza kulipwa kwa kutengeneza pikipiki za wenzako, taka hizo ni za biashara, hazipokelewi kama za nyumbani.

Kwa hiyo usinunue sasa. Kwa kabureta moja moja, beseni lenye mfuniko, brashi ya nailoni, sabuni ya maji ya kutoa grisi na glovu za nitrili zinakutosha. Kazi ikifika kila wiki, tafuta kwanza kampuni yenye leseni ya kubeba taka hatari. Wakikutajia gharama ya kuja kuchukua, mwandikie mjomba wako, aijumlishe na bei ya mashine kabla hujalipa.

Mjomba wako,
Dar es Salaam