Mteremko wa Iten na bei ya magurudumu

Kutoka Iten, mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari, barabara huteremka kwa kona kali kupitia Tambach hadi Bonde la Kerio. Juu ni baridi, chini ni joto. Jumamosi, msichana wa miaka 16 anashuka na baiskeli yake ya mashindano, babake akimfuata kwa pikipiki.

Binti anataka magurudumu ya kaboni. Ni mepesi, kupanda kurudi Iten kutamwia rahisi. Baba pesa anazo, lakini ni za karo.

Tambach wanapumzika. Baba anagusa rimu: ni ya moto. Breki za baiskeli hii hubana rimu, na kaboni ikipata joto kali yaweza kuharibika. Ikilowa mvua, breki huchelewa kushika. Anainama tena. Raba za breki zimelika hadi mwisho.

Fundi anabadilisha raba na tairi, ananyoosha gurudumu lililopinda. Gharama ni ndogo.

"Na ya kaboni, Baba?"

"Kwanza uwe unafika chini salama, binti yangu."

Karo inalipwa. Kilima ni kilekile, naye anakipanda.