Maji Ndani ya Tairi



Juzi nikilima mteremkoni hapa Moi's Bridge, gurudumu la upande wa juu la trekta yangu ndogo liliinuka. Kijana wangu alikuwa ameketi kwenye madigadi. Niliita, "Yesu!" Likarudi chini.

Jirani aliniambia, "Pasta, panua magurudumu ya nyuma. Jaza tairi maji hadi robo tatu. Usikate mteremko ukiwa umeinua plau. Na mtoto asipande tena."

Nimetii. Sasa trekta imetulia.

Lakini usiku nilijichunguza. Jumapili nahubiri kwa nguvu, ila maombi ya siri yamepungua. Juu nimejaa, chini ni mwepesi.

Maji ya tairi hayaonekani, lakini ndiyo yanayoishikilia trekta. Mpendwa, leo kabla ya kulala, piga goti. Nami nitapiga langu. Amina.