Nani Hulipa Siri za Nyumbani

Filamu ya Shimoni, aliyoiongoza Angela Wanjiku Wamai mwaka 2022, haina maneno mengi. Geoffrey, aliyekuwa mwalimu wa Kiingereza, anatoka gerezani baada ya miaka saba kwa kosa la kuua, kisha anapelekwa kijijini asikokutaka hata kidogo, akae chini ya uangalizi wa kanisa na kufanya kazi ya ng'ombe. Huko anakutana ana kwa ana na mtu aliyemdhulumu utotoni. Kwa wanakijiji, mtu huyo ni jirani kama jirani yeyote. Ni Geoffrey peke yake anayetetemeka.

Filamu hiyo ilipewa tuzo ya tatu kwenye tamasha la FESPACO, Ouagadougou, mwaka 2023, na ilistahili. Lakini mimi niliitazama nikiwa na mawazo ya kwetu, miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya, kwa wale wanaoshika barabara ya Makutano kila Desemba, wakapita Embu, Runyenjes na Chuka hadi Meru. Aliyerudi huulizwa habari za kazi, akaulizwa ataoa lini, akakaribishwa chai. Hakuna anayemuuliza kwa nini alikaa miaka yote hiyo bila kufika. Pengine wanaojua sababu wamo humo humo chumbani, wakimpitishia sukari.

Kwetu kifo ndicho huumbua. Kwenye mazishi, kijitabu cha wasifu wa marehemu husomwa kwa makini kuliko mahubiri: picha yake kwenye jalada, mke, watoto kwa mpangilio wa kuzaliwa, wajukuu. Katika mazishi fulani upande wa Runyenjes nilimwona kijana amekifungua kijitabu kwenye ukurasa wa majina. Alipitisha kidole kutoka juu hadi chini, taratibu, akafika mwisho, akaanza tena. Paji la uso lilikuwa la marehemu, na hata ule mtindo wa kusimama bega moja likiwa limeshuka. Msimamizi wa mazishi alipowaita watoto wajitokeze kutupa udongo, kijana alibaki kando ya mibuni, kijitabu amekikunja mkononi. Wazee waliokaa karibu nami walimwona. Mmoja alitikisa kichwa, akatazama chini. Walikuwa wanamjua.

Tukio hilo limenikaa rohoni kwa sababu halikuwa na haja ya kutokea. Sheria ya mirathi ya Kenya, iliyoanza kutumika Julai 1981, inamhesabu mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa kuwa mtoto wa mwanamume ikiwa baba huyo alimkubali kuwa wake. Anayefungua kesi ya mirathi hupeleka mahakamani barua ya chifu inayotaja warithi wote, ombi likachapishwa katika gazeti rasmi la serikali, na mwenye pingamizi akapewa siku 30. Basi siri iliyofichwa kwenye kijitabu cha mazishi huja kuibuka kwa chifu au mbele ya jaji, safari hii ikiwa na mawakili, na ndugu wameshachukiana. Marehemu hayupo kujibu. Anayejibu ni mjane, na yule kijana, na dada zake ambao hata salamu hawajawahi kupeana naye.

Hapo ndipo naona Shimoni na mazishi yale yanasema jambo moja. Siri ya familia humlinda aliyekosa, na gharama yake hulipwa na asiye na kosa. Tunasema tunanyamaza kwa ajili ya heshima, lakini tujiulize heshima hiyo ni ya nani. Geoffrey hakupewa yoyote.

Wapo waliokataa kuendelea kulipa. Miaka ya 1950 kambi za vizuizi za Mwea zilikuwa ndani ya Wilaya ya Embu ya wakati huo, na yaliyofanyika katika kambi za hali ya hatari, Waingereza walipopambana na Mau Mau, yalifunikwa pande zote mbili: Waingereza waliondoka na mafaili, na wazee wetu wakayabeba mengine moyoni. Jane Muthoni Mara alikuwa msichana alipoteswa kingono kizuizini. Julai 2012, akiwa bibi wa zaidi ya miaka 70, alisimama katika mahakama ya London akaeleza alichotendewa, huku dunia nzima ikisikia. Mwaka uliofuata serikali ya Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa ajili ya Wakenya 5,228, gharama za kesi zikiwa ndani yake. Fedha hizo, zikigawanywa, si nyingi kwa mtu mmoja. Kilichonigusa zaidi ni kwamba aibu ile hatimaye iliwekwa mlangoni kwa wenyewe.

Wazee wetu wa Embu na Meru, ninyi ndio mnaoweza kuzuia yule kijana asisimame tena kando ya mibuni. Watajeni watoto wenu wote mngali hai, mbele ya chifu, mbele ya kasisi, mbele ya baraza la wazee la Njuri Ncheke, popote neno lenu linapoaminiwa. Na mtoto akikuambia kuna mtu wa ukoo anayemwogopa, mketishe, umsikilize hadi mwisho, halafu uende polisi siku hiyo hiyo.