Kufundisha Orodha Ndani ya Orodha

Katika somo la kompyuta, sijaona mada inayowavuta wanachuo kukariri kama hii ya kuchagua kitu kilichomo katika orodha iliyo ndani ya orodha nyingine. Hunakili yote yaliyoandikwa ubaoni na jibu hupatikana; lakini ibadilishwapo namba moja tu, darasa zima hunyamaza. Jambo hili si dogo, kwani akaririye leo ndiye atakayewakaririsha watoto kesho.

Mimi hutumia lugha ya Python, iliyobuniwa na Guido van Rossum na kutolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1991. Tunaandika alama za wanafunzi watatu katika Kiswahili, Hisabati na Sayansi:

alama = [[45, 60, 72], [38, 81, 55], [90, 67, 49]]

Kabla ya kuigusa mashine, naweka mezani bahasha tatu, kila moja ikiwa na kadi tatu. Bahasha ni mwanafunzi; kadi ni alama zake. Kisha naeleza kwamba namba iliyo katika mabano haitaji cheo, bali yataja idadi ya vitu tunavyoviruka tangu mwanzo. Kuifikia bahasha ya kwanza haturuki hata moja; ndiyo maana namba yake ni 0. Mtaalamu wa Uholanzi, Edsger Dijkstra, aliitetea desturi hiyo katika waraka wake wa mwaka 1982. Hata hivyo, si lugha zote ziifuatayo: Fortran kwa kawaida huanzia 1.

Sasa tunataka alama ya Sayansi ya mwanafunzi wa pili. Mwanachuo anaruka bahasha moja na kutwaa inayofuata. Hapo namsimamisha na kumwuliza, “Sasa umeshika nini, ndugu?”

“Nimeshika bahasha nzima, mwalimu.”

Naam, hiyo ndiyo alama[1], yaani [38, 81, 55]. Ndipo anaifungua, anaruka kadi mbili, na kupata 55. Safari yote huandikwa alama[1][2], nayo husomwa kutoka kushoto kwenda kulia, hatua baada ya hatua. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Swali hilo moja hufichua makosa mengi. Aandikaye alama[1][2][0] hukataliwa na kompyuta, kwa kuwa baada ya hatua ya pili ameshika namba tupu, na namba haifunguliwi kama bahasha. Aandikaye alama[3] hukataliwa pia, kwa kuwa bahasha ya nne haipo. Lakini aandikaye alama[2][1] hakataliwi kamwe: hupewa 67, alama ya Hisabati ya mwanafunzi wa tatu. Kompyuta haikulalamika, na mtoto amepewa alama isiyo yake. Kosa lisilopiga kelele ndilo la kuogopwa zaidi.

Kuna mtego mwingine. Wakitakiwa kutoa alama zote za Sayansi, wengi huandika alama[:][2]. Waulize wameshika nini baada ya alama[:]. Wameshika nakala ya orodha yote, bahasha zile zile tatu. Kwa hiyo [2] huwapa bahasha ya tatu, [90, 67, 49]. Safu wima haichukuliwi kwa mkupuo. Yapasa kuifungua kila bahasha na kutoa kadi moja moja:

[m[2] for m in alama]

Hapo hupatikana [72, 55, 49], kama ilivyokusudiwa.

Ndugu mwalimu mtarajiwa, huenda ukapangiwa shule isiyo na kompyuta wala umeme. Bahasha na kadi hazikosekani. Mtoto aliyezoea kujiuliza ameshika nini kila hatua ataikuta mashine siku moja, naye atakuwa amekwisha jifunza lililo gumu zaidi.