Kabla Ununue Stendi ya Klarineti, Angalia Sakafu Yenu

Wasee, klarineti ninayopiga si yangu. Ni ya okestra yetu ya mtaa, na nikimaliza fomu foo kuna dogo wa Gredi ya 7 anaingoja. Ameingoja mwaka mzima.

Sasa mwezi uliopita, wakati wa mapumziko, nikailaza kwa kiti cha plastiki nikatoka kununua mahindi choma. Kitu cha mviringo, kiti chenye mteremko. Si unajua kilichofuata? Lile tete la mdomoni lilipasuka, na hiyo ni kawaida. Shida ni kwamba kibonyezo kinachounganisha nusu ya juu na nusu ya chini kilipinda, ikaanza kulia kama paka amekanyagwa mkia. Fundi akataka 1,500. Manze, hiyo ilikuwa nauli yangu yote.

Mwalimu akasema tu, "Tafuta stendi."

Ya kwanza niliyoona tao ilinibamba vibaya. Miguu mitatu, inajikunja yote na kuingia ndani ya ule mdomo mpana wa chini wa klarineti. Ukifunga kesi, huwezi jua iko. Bei, 800. Pesa ilikuwa tayari mkononi, halafu nikamwomba muuzaji niijaribu kwanza na klarineti yenyewe. (Ukienda kununua, beba yako. Usinunue kwa macho.) Klarineti ina urefu wa karibu sentimita 66, na yote inasimama juu ya kijiti kimoja. Nikaigusa na kidole. Ikayumba.

Nikakumbuka ukumbi wetu. Simiti yenye mashimo, waya za spika, watoto wa vayolini wakikimbizana. Kama unapigia kwa jukwaa la mbao lililonyooka, chukua ile ya kujikunja, sina ubaya nawe. Mimi nilichukua ya miguu mitano, mipana, 1,800. Haiingii kwa kesi. Naibeba kwa mfuko wa gunia, na makanga mmoja aliniuliza kama nimebeba eriali.

Kitu kingine nilichoangalia ni kile kijiti: kimevikwa kitambaa laini, kwa sababu kikiwa kigumu na kitupu kitakwaruza ndani. Najua, yetu ni ya plastiki tu. Zile za bei hutengenezwa kwa mpingo, mti unaotoka hapo jirani Tanzania na Msumbiji, na mpingo hukua polepole sana. Lakini plastiki nayo ina vibonyezo vilevile, na fundi ni yuleyule.

Jumamosi dogo mwenyewe alipita mbio akaipiga teke. Stendi ikatikisika, ikatulia. Akasimama akinitazama kama mtu ameua.

"Kuja," nikamwambia. "Kaa hapa nikuonyeshe vile inawekwa."